Kiungo cha Boriti ya Chuma na Nguzo ya Bomba Lililojazwa Zege: Mwongozo wa Kukijenga Ndani ya Kompyuta

Katika karakana moja ya kuchomelea huko Igogo, hapa Mwanza, fundi mmoja mtu mzima aliwahi kunipa somo ambalo sikulipata darasani. Nilikuwa nimempelekea mchoro wa kiungo ambamo boriti ya chuma inafungwa kwa bolti kwenye ubavu wa nguzo ya bomba la mraba la milimita 200, nati zikikaa ndani ya bomba. Aliutazama kwa muda, akaokota kipande cha bomba kilichokuwa chini ya benchi, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, kisha akaniuliza kwa upole: "Injinia, bomba lako lina mita tatu. Nati hii ataikaza nani huko ndani?" Nilikunja mchoro wangu nikarudi ofisini.

Swali lile ndilo chimbuko la ugumu wote wa viungo vya aina hii. Bomba lililojazwa zege ni nguzo nzuri sana: zege linauzuia ukuta wa chuma usibonyee kwa ndani, na chuma kinalibana zege lisipasuke kwa haraka, tena bomba lenyewe ndilo fomu ya kumwagia zege. Lakini bomba limefungwa pande zote, na boriti haina pa kushika ila ukuta mwembamba ulio mbele yake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuujenga mfano wa kiungo hicho katika programu ya elementi finiti, yaani inayokigawa kitu katika vipande vidogo vingi na kukokotoa mkazo wa kila kimoja, hatua kwa hatua, kwa mhandisi anayeanza au mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Majina ya amri na vigezo nimeyachukua kwenye Abaqus kwa sababu ndiyo ninayoitumia, ila mantiki ni ileile kwa anayetumia ANSYS au programu nyingine.

Anza na karatasi

Kabla ya kuwasha kompyuta, chora njia ya nguvu. Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: nguzo ya bomba la mraba la 200 × 200 × 8 la chuma cha S355 (kinachoanza kulegea, yaani kurefuka bila kurudi, kwenye 355 N/mm²), iliyojazwa zege lenye nguvu ya silinda ya 30 N/mm², na boriti ya IPE 300 (yenye umbo la I na kimo cha milimita 300) ya chuma cha S275 inayotokea upande mmoja. Ukubwa wa momenti (nguvu ya kupinda) ambayo boriti hii inaweza kubeba ikiwa imelegea sehemu yote ya mkato ni 628,000 mm³ mara 275, yaani karibu 173 kNm. Gawanya momenti hiyo kwa umbali wa milimita 289.3 ulio kati ya vitovu vya flanji mbili, yaani bapa za juu na chini za boriti, nawe utapata kwamba flanji ya juu inauvuta ukuta wa nguzo kwa karibu kilonewtoni 597, wakati flanji ya chini inausukuma kwa kiasi hichohicho. Huo ni uzito wa takriban tani 60 unaoning'inia kwenye ukuta wa milimita 8.

Ukiliona hilo, aina za viungo zinajieleza zenyewe. Wajapani wamezoea kulikata bomba na kupitisha pleti nzima katikati yake, ili flanji ichomelewe kwenye pleti na wala si kwenye ukuta. Wengine huweka pleti ndani ya bomba, wengine huizungusha pleti nje ya bomba kama kola ya shati, wengine hupitisha bolti ndefu kutoka uso mmoja wa nguzo hadi mwingine kabla ya kumwaga zege, na zipo bolti maalumu zinazokazwa kwa upande mmoja tu, ambazo zingemjibu yule fundi wa Igogo lakini bei yake si ya mchezo. Kwa mfano wetu nimechagua pleti ya nje, yaani diaframu ya nje, yenye unene wa milimita 12 na upana wa milimita 70 kuzunguka nguzo, moja usawa wa flanji ya juu na nyingine usawa wa flanji ya chini. Karakana yoyote yenye mchomeleaji makini inaweza kuitengeneza bila kulikata bomba. Ukuta wa kati wa boriti unafungwa kwenye pleti ya ubavu ya milimita 10 kwa bolti tatu za M20 za daraja la 8.8 (kipenyo cha milimita 20, nguvu ya kuvutwa 800 N/mm²).

Jenga kwanza kiungo cha mtu mwingine

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ninayoishikilia kuliko zote. Usianze na kiungo chako. Tafuta ripoti ya jaribio la maabara lililochapishwa, la kiungo kinachofanana na chako kwa aina, ambalo linatoa vipimo vyote, matokeo ya vipande vya chuma vilivyovutwa, nguvu ya zege ya siku ya jaribio, na mchoro wa mzigo dhidi ya msogeo. Yapo mengi kutoka Japani, China na Marekani. Lijenge jaribio hilo kwenye kompyuta, uliendeshe, kisha uweke mchoro wako juu ya mchoro wao. Mwinuko wa mwanzo, mahali mstari unapoanza kupinda, na mzigo wa juu kabisa vyote vikaribiane. Mimi huridhika tofauti ikiwa chini ya asilimia 10. Angalia pia namna ya kuharibika: kama maabara walipata boriti imejikunja karibu na diaframu na wewe unapata ukuta wa bomba umevutika nje, basi kulingana kwa mzigo ni bahati tu.

Modeli ikishakubaliana na jaribio, badilisha vipimo uweke vya kwako na usiguse vigezo vya msuguano, vya zege wala vya wavu, yaani mgawanyo wa vile vipande vidogo. Anayevichezea baada ya hapo amelitupa jaribio lake.

Vipimo, na suala la nusu

Abaqus haina habari na vizio. Inapokea tarakimu na kuzizidisha. Chagua milimita, newtoni na tani, ambapo mkazo unatoka kwa N/mm², ukakamavu wa chuma ni 210,000, na uzito wa ujazo wa chuma unaandikwa 7.85 × 10⁻⁹. Ukiandika 7850 kwa mazoea ya kilo na mita, hesabu tulivu isiyo na uzito wa kitu chenyewe haitakulalamikia, ila siku utakapobadili na kutumia njia ya mwendo, inayohesabu uzito na kasi ya kila kipande, utashangaa kwa nini kila kitu kimeganda.

Urefu wa vipande uchukuliwe kutoka mahali ambapo momenti ni sifuri: nguzo ya mita 3 kutoka katikati ya ghorofa moja hadi katikati ya nyingine, yenye mashikizo ya bawaba kwenye ncha zote mbili, na boriti ya milimita 1500 kutoka uso wa nguzo hadi pa kuwekea mzigo.

Kwa kuwa kiungo kinakaribia kulingana kushoto na kulia kwa bapa linalopita katikati ya boriti, unaweza kujenga nusu tu na kuokoa zaidi ya nusu ya muda. Nusu hiyo ina masharti mawili. Kwanza, mizigo yote iwe nusu na majibu yote yazidishwe mara mbili: mzigo wa kuifikisha boriti hii kwenye 173 kNm ni 115 kN, kwa hiyo kwenye nusu ya modeli utaona 57.5 kN, na nimeshakutana na taarifa ya mradi ambayo mwandishi wake alitangaza kwamba kiungo kimeshindwa kwa sababu tu alisahau kuzidisha. Pili, nusu haiwezi kuonyesha boriti ikipinduka kwa ubavu. Ikiwa boriti yako haishikiliwi na sakafu au vishikizo vya pembeni, jenga kizima.

Vifaa: chuma

Matokeo ya maabara ya kuvuta chuma hutolewa kwa kugawanya nguvu kwa eneo la mwanzo, ilhali programu inataka mkazo halisi na kiwango halisi cha kurefuka. Mkazo halisi ni mkazo wa maabara mara moja jumlisha uwiano wa kurefuka. Kurefuka halisi ni logi asilia ya moja jumlisha uwiano huo. Chukua nukta moja: mkazo wa 430 N/mm² na kurefuka kwa 0.15. Mkazo halisi unakuwa 494.5, kurefuka halisi 0.1398, na ukitoa sehemu inayorudi, yaani 494.5 gawanya kwa 210,000, unabaki na 0.1374 ambayo ndiyo inayoandikwa kwenye jedwali la kurefuka kusikorudi. Nukta nane au kumi za namna hii zinatosha.

Kama huna matokeo ya maabara, kumbuka kwamba 275 ni kiwango cha chini kinachohakikishwa, na chuma kinachofika sokoni mara nyingi kina nguvu zaidi. Boriti yenye nguvu kuliko ulivyodhani si habari njema kwa kiungo, kwa sababu nguvu inayofika kwenye diaframu na kwenye mchomeleo inaongezeka kwa kiasi hichohicho. Endesha hesabu mara mbili, mara moja kwa kiwango cha chini na mara nyingine kwa kiwango kilichoongezwa robo kwa boriti peke yake.

Vifaa: zege

Hapa kuna mtego wa nyumbani. Maeneo yetu ya ujenzi hupima zege kwa vipande vya mchemraba wa milimita 150, na kwa zege la kawaida nguvu ya silinda ni takriban asilimia 80 ya nguvu ya mchemraba. Kanuni nyingi zilizoandikwa kwenye tafiti ni za silinda. Mchemraba uliovunjika kwa 37 ndio unaokupa silinda ya 30, na mtu anayechomeka 37 moja kwa moja amejipa zege asilolimwaga.

Kwenye Abaqus, modeli inayotumiwa na wengi ni ile ya zege lenye uplastiki na uharibifu. Pembe ya kuvimba huwekwa kati ya digrii 30 na 40, kigezo cha mkengeuko 0.1, uwiano wa nguvu ya kubanwa pande mbili kwa nguvu ya kubanwa upande mmoja 1.16, na kigezo cha umbo 0.667. Kigezo cha mnato kinasaidia hesabu isikwame. Anza na 0.0005, kisha ukipunguze mara kumi na uangalie kama mchoro unabadilika. Ukibadilika sana, basi sehemu ya nguvu uliyoiona ilikuwa ya mnato. Ukakamavu wa mwanzo unaweza kuchukuliwa kama 4700 mara kipeuo cha pili cha nguvu ya silinda, ambayo kwa 30 inatoa karibu 25,700 N/mm².

Mchoro wa zege la kawaida huanguka haraka baada ya kilele. Zege lililobanwa ndani ya bomba halianguki hivyo. Mkia wake ni mrefu na una mteremko wa taratibu kadiri chuma kinavyokuwa kingi. Watafiti hupima kubanwa huko kwa uwiano wa eneo la chuma mara mkazo wake wa kulegea, kwa eneo la zege mara nguvu yake. Kwa nguzo yetu eneo la chuma ni mm² 6,144 na la zege mm² 33,856. Ukitumia asilimia 67 ya nguvu ya mchemraba kama Wachina wanavyofanya, uwiano unafika 2.6, ambao ni mkubwa. Zingatia pia kwamba bomba la mraba hubana kwenye pembe zaidi ya katikati ya nyuso, tofauti na bomba la mviringo linalobana sawasawa. Usichukue mchoro wa zege la bomba la mviringo ukautumia hapa.

Upande wa kuvutwa, 2.9 N/mm² inafaa kwa zege hili. Andika kupasuka kwake kwa njia ya nishati ya mpasuko, na usiuandike kwa kiwango cha kurefuka, la sivyo jibu litategemea ukubwa wa wavu.

Mgusano kati ya chuma na zege

Nikiambiwa nichague sehemu moja ya modeli ya kukaguliwa na mtu mwingine, nitachagua hii. Rudi kwenye ile picha ya karatasi. Flanji ya chini inausukuma ukuta wa bomba, ukuta unaegemea zege, na zege linakataa. Flanji ya juu inauvuta ukuta, na huko nyuma hakuna anayeushika, kwa sababu zege halivuti. Ukuta unaachana na zege na kubaki wenyewe na diaframu yake. Kiungo kimoja, tabia mbili, na tofauti yote imekaa kwenye uso ambao hauna hata unene.

Mwanafunzi aliyechoka hufanya nini? Huligandisha zege na bomba kwa amri ya kufungamanisha, hesabu inamalizika ndani ya saa moja, na rangi zinapendeza. Nimelifanya hilo mwenyewe nilipokuwa ninaanza. Ukuta wa upande wa kuvutwa ulitulia kama ulivyo upande wa kusukumwa, zege la nyuma yake likaonyesha mkazo wa kuvutwa ambao zege lolote duniani lingekuwa limeshapasuka, nami nikaisifu diaframu. Aliyenishtua ni mwenzangu aliyeuliza kwa nini mchoro wa msogeo wa nyuso mbili za nguzo unafanana kama mtu na kivuli chake.

Kwa hiyo tumia mgusano wa uso kwa uso. Kwenye mwelekeo wa kusukumana chagua mgusano mgumu unaoruhusu kuachana. Kwenye mwelekeo wa kuteleza chagua msuguano. Tafiti hutumia mgawo kuanzia 0.25 hadi 0.6. Mimi hutumia ule uliokubaliana na jaribio la hatua ya kwanza, kisha huendesha hesabu na ncha zote mbili za masafa hayo. Kwa kiungo chenye diaframu ya nje na nguzo iliyolemewa tofauti huwa ndogo. Ikiwa kubwa, tafuta kosa kwingine. Uso mkuu uwe wa kile kilicho kigumu zaidi au chenye wavu mkubwa, na uso mfuasi uwe na wavu mdogo, vinginevyo nodi (nukta za pembe za elementi) za mmoja zitazama ndani ya mwingine kama msumari kwenye ndizi.

Kwa bolti, weka tundu la milimita 22 kwa bolti ya milimita 20, na mgusano baina ya kichwa na pleti, nati na pleti, pleti na ukuta wa boriti, na shina la bolti na ukuta wa tundu. Nguvu ya kukazia ya M20 ya 8.8 ni asilimia 70 ya 800 N/mm² mara eneo la mm² 245, yaani 137 kN. Iweke kwanza kwa kiasi kidogo sana ili nyuso zigusane, kisha uifikishe kamili, halafu uufunge urefu wa bolti usibadilike tena.

Michomeleo tunaifungamanisha, na hapo hakuna ubaya mradi tukumbuke tunachokosa. Mchomeleo uliofungamanishwa haupasuki kamwe. Tetemeko la Northridge huko California, tarehe 17 Januari 1994, lilipasua michomeleo ya flanji katika majengo ya fremu za chuma ambayo kwa hesabu yalikuwa salama, na Kobe ikapigwa tarehe hiyohiyo mwaka mmoja baadaye. Modeli ya namna yetu ingeyapita majengo yale bila kusita. Kwa hiyo soma kiwango cha kurefuka kusikorudi kwenye kona ambapo flanji inaingia diaframu, na pale diaframu inapogusa pembe za bomba. Rangi ikikusanyika kwenye nukta moja, badilisha umbo la diaframu, ongeza mviringo wa kona, kisha endesha tena.

Wavu

Tumia elementi za ujazo zenye nodi nane, C3D8R, zilizopunguzwa nukta za hesabu, kwa sababu ni nyepesi na zinavumilia mgusano. Ubaya wake ni kwamba zikikaa elementi moja tu kwenye unene wa pleti zinaweza kupinda bila kuonyesha mkazo wowote. Weka angalau tatu kwenye unene wa ukuta wa bomba na wa diaframu, nne kama una kompyuta ya maana. Karibu na kiungo ukubwa wa milimita 8 hadi 10 unafaa. Mbali, milimita 30 hadi 40. Baada ya hesabu linganisha nishati bandia (ile ya kupinda huko kusiko na mkazo) na nishati ya ndani: ikizidi asilimia 5, wavu haufai hata kama mchoro ni mzuri.

Endesha wavu wa aina tatu, mkubwa, wa kati na mdogo. Wa kati na mdogo wakikubaliana, fanya kazi na wa kati.

Mizigo kwa mpangilio

Hatua za mizigo ziwe tatu na zisichanganywe: kukaza bolti, kuilemea nguzo, kisha kuisukuma ncha ya boriti. Nguvu kamili ya nguzo yetu fupi ni 6,144 × 355 jumlisha 33,856 × 30, takriban 3,197 kN; ukichagua asilimia 30, mzigo wa nguzo ni 960 kN, nao uwekwe juu ya pleti ngumu inayobana chuma na zege kwa pamoja. Ncha ya boriti isogezwe kwa milimita, usiisukume kwa newtoni, ili hesabu iendelee hata baada ya kilele kupita.

Kuhusu mizigo ya kwenda na kurudi, wapo wanaoniambia kwamba Mwanza si California. Ni kweli. Lakini tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, ng'ambo ya ziwa hilihili, likaua watu na kubomoa nyumba Bukoba. Bonde la Ufa la magharibi haliko mbali nasi. Utaratibu wa Kimarekani wa AISC 341, wa kujaribu viungo vya chuma kwa ajili ya tetemeko, unaanza na mizunguko sita kwa kila pembe ya 0.00375, 0.005 na 0.0075 ya radiani, minne kwa 0.01, kisha miwili miwili kwa 0.015, 0.02, 0.03 na 0.04. Pembe inapimwa kutoka katikati ya nguzo, na kwetu umbali ni milimita 1600, hivyo misogeo ya ncha ni 6, 8, 12, 16, 24, 32, 48 na 64. Kwa fremu za daraja la juu kabisa kiungo kinatakiwa kifike 0.04 kikiwa bado kinabeba asilimia 80 ya momenti ya boriti. Kwa mizigo hii chuma kipewe ugumu mseto, unaokumbuka kwamba kimeshapindwa upande wa pili. Mchoro wa kuvuta mara moja hautoshi.

Kuendesha

Fanya kwanza mzunguko mdogo wa majaribio: bila mzigo wa nguzo, bila kulegea kwa vifaa, na kilonewtoni 10 tu kwenye ncha ya boriti. Jibu lake unaweza kulipata kwa kalamu. Boriti yenyewe inapinda milimita 0.64, mkato wa ukuta wake unaongeza karibu 0.09, na nguzo inazunguka, ambapo kwa ukakamavu wa chuma na zege kwa pamoja wa takriban 1.04 × 10¹³ N·mm² inaongeza 0.62. Jumla ni karibu milimita 1.35. Ukipata 1.3 au 1.45 endelea. Ukipata 13 au 0.0013 tafuta vizio. Ukipata 2.7 umeisahau ile nusu. Zoezi hili la dakika kumi limeniokoa mara nyingi kuliko kitabu chochote cha programu.

Hesabu ikikwama katikati, usikimbilie kulegeza masharti ya usahihi. Fungua mahali ilipokwama, uangalie nodi inayolalamikiwa iko wapi. Mara nyingi ni kipande kinachoelea kwa sababu mgusano haujaanza, au kona ya zege iliyosagika chini ya ukuta wa bomba. Ikishindikana kabisa, hamia kwenye njia ya mwendo kwa mzigo wa taratibu, ukihakikisha nishati ya mwendo haizidi asilimia 5 ya nishati ya ndani.

Jambo moja la hapa kwetu: amuru programu ihifadhi faili ya kuanzia tena kila baada ya hatua chache. Wakati wa masika mmoja niliiacha hesabu ya mizunguko ikienda usiku kucha, umeme ukakatika saa kumi na moja alfajiri, na kwa kuwa sikuwa nimeamuru hivyo, saa kumi na nne za kazi zilikwenda na maji. Betri ya akiba ya kompyuta inakupa dakika chache tu. Faili hiyo inakurudishia usiku mzima.

Asiye na leseni ajue kwamba toleo la kujifunzia la Abaqus lina ukomo wa nodi 1,000, ambazo hazitoshi hata diaframu moja. OpenSees ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni ya bure, lakini inafaa kwa fremu nzima ambamo kiungo kimewakilishwa kwa springi, na springi hiyo lazima itoke mahali fulani: kwenye jaribio au kwenye modeli kama hii.

Kusoma jibu

Usianze na picha ya rangi. Anza na mchoro wa momenti kwenye uso wa nguzo dhidi ya mzunguko wa kiungo chenyewe. Mzunguko huo haupatikani kwa kugawanya msogeo wa ncha kwa urefu, maana ndani yake mna kupinda kwa boriti na kuzunguka kwa nguzo, na tumeona kwamba nguzo peke yake inachangia karibu nusu. Chukua tofauti ya msogeo wa mlalo wa flanji ya juu na ya chini pale kwenye uso wa nguzo, igawanye kwa 289.3, kisha utoe mzunguko wa kiini cha nguzo, yaani sehemu yake iliyo kati ya diaframu mbili.

Mwinuko wa mwanzo wa mchoro huo ndio ukakamavu wa kiungo, na Eurocode 3, kanuni ya Ulaya ya majengo ya chuma, inautumia kukipa jina. Kwa boriti ya mita 6, EI gawanya kwa L ni karibu 2,925 kNm kwa radiani. Katika fremu isiyo na viegemeo vya mshazari, kiungo ni kigumu kikifika mara 25 ya hapo, yaani karibu 73,100. Ikiwa na viegemeo vya kutosha, mara 8, yaani karibu 23,400. Kikiwa chini ya nusu ya 2,925 kinahesabiwa kuwa bawaba. Kilicho katikati ni cha nusu ugumu, na ukakamavu wake unapaswa kuingizwa kwenye hesabu ya jengo zima. Wahandisi wengi huchora kiungo kigumu na kujenga cha nusu ugumu, kisha hushangaa sakafu ikitikisika.

Baada ya hapo ndipo ufungue rangi, na uulize kipi kimelegea kwanza. Tunataka boriti ijikunje nje kidogo ya diaframu, diaframu iwe imeguswa, ukuta wa bomba ubaki mzima, na zege lisagike kidogo tu kwenye kona za upande wa kusukumwa. Kuhusu nguzo, momenti ya chuma chake peke yake ni karibu 157 kNm juu na kiasi hichohicho chini, jumla 314, dhidi ya 184 inayoletwa na boriti kwenye kitovu, kwa hiyo haitarajiwi kulegea mapema; ikilegea, mzigo wa 960 umeuweka vibaya.

Kabla ya kuupeleka mchoro karakana, ongeza kwenye modeli kile ambacho mchoraji hukisahau: matundu ya mvuke. Eurocode 4 ya moto inataka tundu lisilopungua milimita 20 juu na chini ya nguzo katika kila ghorofa, ili maji yaliyomo kwenye zege yakichemka yapate pa kutokea bila kulipasua bomba. Usipoonyesha mahali pake, fundi atalitoboa pale drili inapofika kwa urahisi, na drili hufika kwa urahisi chini kidogo ya diaframu, penye mkazo mkubwa kuliko kote. Yatoboe kwenye modeli angalau upana mmoja wa nguzo kutoka kwenye diaframu, endesha hesabu ya mwisho, kisha andika umbali huo kwenye mchoro kwa tarakimu kubwa.